Ukurasa wa Arobaini na Moja

Alhamisi saa kumi, hapa Isevya,
cherehani yangu huambiwa inyamaze.
Wanasogeza mabenchi. Mwalimu Ngolelwa
anafungua kauntabuku lenye jasho la kwapa lake.
Miaka miwili amemfasiri kwa penseli mwanamke huyo,
mwanafalsafa, mshairi, marehemu wa miaka mia tatu na ushei,
wa nchi ambako, anasema, mto huganda watu wakaukanyaga.
Jina lake lilitushinda. Lugembe alilijaribu mara tatu,
mara zote likaishia kwenye chafya.
Basi tukamwita Somo,
na kila mtu akachukua maana aliyoitaka.

Somo anasema kila kitu kinajua.
Jiwe linajua ujiwe wake, moshi unajua kupanda.
Akili haikukaa kichwani kama mtemi;
imegawiwa mwilini, kila kiungo na fungu lake.

"Huyu hajaumwa na nyuki," akasema Nyamizi,
muuza asali wa pale stesheni.
Akafikiri kidogo.
"Au kaumwa sana."

Lugembe, aliyebadilisha njia za treni miaka thelathini,
alisema reli ya Kigoma hunung'unika tofauti na ya Mwanza,
na huanza kabla gari halijaonekana.
Hakueleza zaidi. Akaomba sukari.

Mimi sikuwa mwanachama, nilikuwa mwenye chumba.
Siku hiyo napinda kola ya sare kwa mkono, kimyakimya,
nikauona mguu wangu chini ya meza
unakanyaga pedali ambayo sijaigusa.
Nani kautuma?
Wiki iliyofuata nikavuta kiti.

Mvua za Machi zikatukuta ukurasa wa arobaini.
Chini kabisa, mstari mmoja:
*Mtoto wa maji amebisha, na wazo limenikimbia.*
Kisha fotokopi inarukia arobaini na mbili.
Panya, au kijana wa mashine, hatujui.

Nyamizi akataka jina la mtoto.
Mwalimu akapekua, mbele, nyuma, hadi kwenye shukurani.
Paka wa Somo ana jina. Farasi anayo mawili.
Mtoto wa maji hana.

Wiki tatu hatukuvuka mstari ule.
Mwalimu alikasirika: tunamhukumu maiti kwa ndoo moja!
"Simhukumu," akasema Nyamizi. "Nampenda.
Nisiyempenda simuulizi kitu."

Halafu akaniambia, fundi, andika.
Sikuwa na kalamu. Nikaandika kwa chaki ya kushonea
juu ya karatasi ya kukatia magauni,
yeye anatazama mlango, si sisi:

*Nilileta maji moto, mlangoni nikabisha,*
*Ukaandika mtoto, wazo amelikatisha,*
*Wazo lako lina joto, jiko nani alowasha?*
*Kalamu ilipokwisha, wino nani kauleta?*

Mwalimu alihesabu mizani kwa vidole, chini ya kitenge.
Alikuwa anatafuta kosa, nilimwona.
Akahesabu tena.
Kisha akanisukumia kauntabuku bila neno,
nami nikaushonea ukurasa mahali pake
kwa uzi wa bluu, ule wa sare,
mishono mirefu, maana chaki hufutika ukiibana.

Tukaendelea. Ukurasa wa arobaini na mbili
Somo ana wazo lake mkononi tena,
zuri, hilo la moyo kuwa ni mji wenye malango mengi,
wala hasemi lilirudi kwa lango lipi,
wala kama maji yalikuwa bado ya moto.

Chai yetu ilikuwa imepoa. Nikainuka kuipasha.
Lugembe akasema, kaa, fundi, leo mimi.
Akaenda uani. Tukamsikia anafungua makopo,
anafunga, anafungua.
Hakujua kiberiti kinakaa wapi.

Nilimwelekeza kwa sauti.
Sikuinuka.